Plau ya Marehemu Mume Wangu Mtandaoni

Jumanne

Na wote wanauliza hivyohivyo. Tangu niiweke plau mtandaoni ni "Bado ipo?", "Bei ya mwisho?", kisha kimya. Mmoja alitaka picha nyingine, eti aone kama inalima!

Leo asubuhi kaja mzee kutoka Sapiwi na maksai wake wawili. "Mwangaluka, mayu," akanisalimia Kisukuma, kama mwana kwa mama. "Tangazo nimeliona, nimekuja kuijaribu." Nilicheka, lakini nikamwachia uwanja. Akafunga nira, akalima mstari mmoja hadi kwenye mihogo.

Tangu mume wangu afariki sikuwa nimesikia ile minyororo ya plau ikilia. Niliingia ndani, nikajifanya natafuta chenji.

Mzee amelipa, ameondoka nayo. Sasa hivi mtu kauliza tena, "Bado ipo?"

Nimemjibu: imerudi shambani.