Maana ya Kukosana

Nafula,

Sitaanza kwa kukuuliza hali. Naanza na kosa langu, kwa sababu ndilo lililonikalisha niandike.

Unazikumbuka zile fomu za utafiti wa kina mama na watoto wachanga, ulizokuwa ukijaza nyumba kwa nyumba hapa mtaani Tuwan, Kitale. Swali moja liliuliza kama mume alimpiga mama akiwa mjamzito. Lingine, kurasa tatu mbele, liliuliza kama mama alikunywa pombe. Tulitaka kujua mambo hayo yanamfanya nini mtoto kabla hajazaliwa. Mimi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, ndiye niliyetafsiri maswali na kukagua kazi yako. Kwenye swali la kupigwa wengi walijibu hapana, nawe ukaandika pembeni: "Anasema walikosana." Nikakata kwa wino mwekundu. Nikakueleza, kwa raha zangu, kwamba neno "kukosana" lina kiambishi -an- cha kutendana: watu wawili wametofautiana, basi. Ukasema, "Sawa, Mwalimu, lakini si hivyo wanavyomaanisha," ukaendelea kuandika pembeni. Nami nikaendelea kukata.

Presha ilipokuchukua ghafla vile, nyumba zako za upande wa Malakisi, humu humu Tuwan, zilikuwa zimebaki. Tulipokwisha kukuzika nikaenda mwenyewe, pamoja na muuguzi. Mama mmoja kijana alikuwa amempakata mtoto wa miezi saba. Ungedhani ana mitatu. Kupigwa? Hapana. Kunywa? Akatazama chini. "Chang'aa kidogo, ndio nilale. Tukikosana mbavu zilikuwa zinauma."

Nikamuuliza mbavu zinahusiana vipi na kukosana. Dada yake, aliyekuwa akipepeta maharagwe, alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Ati mzee hajui kukosana! Mwalimu, wanakosana wawili, lakini anafura mmoja, bana."

Yule mama hakucheka.

Nilielewa kwanza kwamba tulitenga kipigo na pombe kwenye kurasa mbalimbali, wakati kwake kimoja kilileta kingine, na mtoto akavipokea vyote tumboni.

Kisha nikakukumbuka wewe. Jumatatu ile ulikuja ofisini Kitale umejifunga kitambaa hadi kwenye jicho, ukaniambia, "Tumekosana kidogo na Baba Mercy." Nikakwambia wanandoa hupatana. Nikakukabidhi fomu za siku hiyo. Nafula, uliniambia kwa Kiswahili, na mimi... mimi ndiye niliyekuwa mwalimu.

Ubaya wa kosa lile haukuishia hapo. Tulipokuzika, ukoo uliniuliza, mimi mzee niliyefanya kazi nawe, Mercy akae wapi. Nikasema akae na babake, maana sikuwahi kusikia ubaya wowote nyumbani kwenu. Wakanisikiliza. Mtoto wa miaka tisa.

Basi Jumamosi iliyopita tulikaa kikao kwa mama yako, Bungoma. Nilimwomba afisa wa watoto aje. Nikasema mbele ya wote, Baba Mercy akiwepo, kwamba niliwapotosha, na nikaeleza neno lile. Ndugu wa Baba Mercy akaniuliza, "Mwalimu, leo umebadilisha kamusi?" Nikamjibu sijaibadilisha, nimechelewa kuisoma. Baba Mercy hakukana. Alisema tu kwamba marehemu hasemwi.

Afisa alimwita Mercy kando, akamuuliza wakiwa wawili tu. Akarudi na jibu lake: "Kwa kukhu." Kwa nyanya yake, basi. Amehamia, na shule ameanza juzi. Anakula vizuri. Bado hasemi sana.

Wenye utafiti nimewaomba wasitoe ripoti kwanza. Walinung'unika, wakakubali. Uliyoyaandika pembeni yanasomeka chini ya wino wangu; nayarudisha moja baada ya jingine, na kila nyumba itaulizwa upya kwa maneno yao wenyewe. Yule mama wa Malakisi anahudhuria kliniki na mtoto wake. Muuguzi anajua kilichoumiza mbavu, na amempeleka kwa watu wanaoweza kumsaidia.

Nisamehe, kama huko mliko kusamehe kunawezekana. Pumzika, mwanangu. Nakuahidi kwamba kila mwezi, miguu ikinibeba, nitafika kwa mama yako kumwona Mercy. Sitaenda kumfundisha. Akiniambia jambo kwa neno ninalodhani nalijua, nitamuuliza yeye maana yake.

Mwalimu