Swali la Muuza Vitambaa

Shikamoo Baba,

Nakutumia joto la Kariakoo, nirudishie baridi ya Marangu. Nimempatia mdogo wangu Neema kitambaa cheupe cha kipaimara. Muuzaji, mzee Mwislamu, aliniuliza, "Hivi kwa nini mnasema Yesu ni Mungu?" Nikamsomea Kanuni ya Imani yote bila kupumua, kama ulivyotufundisha katika darasa lako la kipaimara.

Akaweka mkasi chini. "Umekariri vizuri, binti yangu. Lakini hayo si waliyaandika maaskofu kwenye kikao, miaka mingi baadaye? Wao walijuaje?"

Nimetembea hadi Msimbazi nikilitafuna swali hilo kama muwa. Baba, wewe uliwahi kujiuliza?

Mungu awatunze. Neema akimaliza kukariri, mwache aulize. Mimi nilikuogopa.

Mwanao, Ndeshi