Kiganja kwenye dari ya gari ya Ishaq

Ghubra, Maskati
Ijumaa, 16 Januari 2026

Mpendwa mdogo wangu Mahbuba,

Assalaam alaykum, wewe na shemeji na wote mliomo humo nyumbani. Hali yako vipi? Na lile goti? Mimi sukari yangu imetulia, alhamdulillah, daktari mwenyewe anashangaa, ingawa halwa sijaiacha. Usimwambie mtu.

Huku sote wazima. Baridi imenifanya niitoe ile shali uliyoniletea, na kila anayeniona nayo huuliza nimeipata wapi, nami hujibu kwa maringo.

Sasa nikupe la mwanangu Nasr. Najua, kila nikikuandikia namsifu, nawe husema nna mtoto mmoja kama nna kumi. Lakini safari hii hata wewe ungepanda juu ya paa ukatangaza. Mahbuba, Nasr kaipata gari ya marehemu kaka yetu Ishaq!

Ile ile ya rangi ya chungwa. Unamkumbuka yule wakala wa Hamriya, gari za Kimarekani zikimfikia hampi mnunuzi mpaka aziingize gereji yake ya nyuma ya duka, atoe injini ya kiwandani atie kubwa zaidi, kisha achore mistari miwili myeusi juu ya boneti. Alizitengeneza chache tu, na leo mabwana wazima wanazisaka kama watu wanaotafuta mke. Nasr kalelewa na hadithi za gari ya mjomba wake, lakini tangu Ishaq aiuze alipokwenda Kuwait, hakuna aliyejua imeishia wapi.

Kaitafuta miaka, mji kwa mji. Barka kaonyeshwa moja ya kughushi, mistari yake bado inanata rangi. Sohar kakuta mlango wa gari tu, gari yenyewe haipo. Mwishowe ni Yiti, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja, Musallam, majani ya mbuzi yamejaa mpaka kwenye usukani. Imepakwa nyeupe yote, injini yake haimo. Nasr akaikwaruza kwa ukucha, chini yake chungwa. Alinipigia simu papo hapo.

Lakini Wael, mkubwa wa chama chao cha gari za zamani, alikuja akaizunguka, akasema, "Nasr, hii gari ya kawaida. Za chungwa walikuwa nazo wengi. Bila ya ile injini ya Hamriya, utanithibitishia nini?" Na maonyesho yao, Nasr alikotaka kuiweka, ni baada ya Idi. Mwanangu akarudi hakugusa chakula, na siku hiyo nimepika biriani yangu, hebu fikiri.

Asubuhi yake nikamfuata gereji na mkate wa ufuta. Nikamkuta fundi wa viti keshaingia ndani na kisu, anataka kukichana kitambaa cha dari atie kipya. Nikainama nimpe salamu, macho yakaenda juu. Nilipiga ukelele fundi akaangusha kisu.

Kiganja, Mahbuba! Kiganja chako! Kimefifia, lakini vidole vyote vimo, na kile cha mwisho kimepinda, vile ulivyobanwa na mlango tulipokuwa wadogo Unguja.

Si unaikumbuka siku ya hina yako? Tunatoka kwa mpakaji, hina bado mbichi, Mama anamwambia Ishaq, "Taratibu, mwanangu, taratibu," naye ndiyo kwanza anakanyaga mafuta. Gari ikaruka kama imechomwa sindano, nawe ukajishika juu, hina ikabaki darini. Mama akamtukana kwa Kiswahili na Kiarabu njia nzima, na Ishaq anacheka tu: "Iache, Mama, hata gari inataka kuwa bi harusi!"

Nasr alipokiona alikaa chini pale pale kwenye sakafu ya mafuta, na kanzu yake nyeupe ya dishdasha. Na mfuaji ni mimi!

Tukamwita Wael. Katazama, halafu akasema, "Khalati," ndivyo aniitavyo, kama mama yake mdogo, "kama ni ya marehemu Ishaq mimi sina neno, yake kila mtu anajua ilitoka Hamriya. Lakini kiganja ni kiganja tu. Nani atasema ni cha nani?"

Nikamwambia, "Mwenyewe yuko hai, na ulimi anao. Atakuja auweke mkono huo huo mbele ya macho yako."

Akacheka. "Aje basi, Khalati. Mkoba wake nitaubeba mimi."

Kwa hiyo nimekwisha kuahidi kwamba utakuja kabla ya kukuuliza, ndivyo nilivyo, wanijua. Tiketi Nasr anaishughulikia. Habari ya goti usiniletee, kiti cha mbele ni chako. Na dari nimekataza mtu yeyote asiiguse, hata Nasr mwenyewe.

Nisalimie shemeji, na mwanao Ibtihal na wanawe, na yule mdogo umbusu kwa ajili yangu. Nasr anakuamkia. Mwenyezi Mungu akuweke, akupe afya, akufikishe salama.

Wael anangoja kuuona mkono wako. Mimi, mdogo wangu, nakungoja wewe mzima. Tangu Ishaq atuache, sina wa kunikatiza nikijisifu.

Dada yako asiyechoka kukupenda,
Zuwena