Sauti Iliyokuwa Ikipisha

Nyumba ya Kona, Ghorofa ya Pili,
Jumapili, 14 Machi.

Mpendwa Binamu,

Salamu zangu zikufikie wewe, shemeji, na wale mapacha ambao nasikia sasa wanang'ata kila wanachokishika. Mgongo wako je, umetulia? Sisi huku tu wazima. Mimi nina mafua tu, na mafua hayajapata kumshinda mtu mwenye vitabu vya kutosha kando ya kitanda.

Najua umeisubiri barua hii kwa hofu, basi nisikuzungushe: masikio ya mama yako, Shangazi yangu, ni mazima. Ile habari uliyoipata kwa simu, kwamba uziwi umeanza kumwingia, haikuwa kweli, na nasikitika kukiri kwamba miongoni mwa walioieneza nami nimo.

Kazi yake unaijua. Mashauri ya baraza la usuluhishi hurekodiwa, naye huvaa hedifoni, akayasikiliza kwenye kompyuta ya mezani na kuyachapa neno kwa neno. Tangu Januari kurasa zake zilianza kujaa neno "haisikiki". Akirudisha rekodi nyuma, mara husikia, mara hasikii; kazi ya siku moja ikawa inakula siku tatu. Karani mkuu alizisikiliza rekodi zile zile kwenye mashine yake, akasikia kila kitu. Ndipo alipompa Shangazi wiki mbili: alete cheti cha daktari wa masikio, la sivyo ahamie masjala akapange mafaili. Baada ya miaka ishirini na mitatu kwenye kiti kile! Siku hiyo alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa na mkoba ungali begani.

Baadaye aliniita. "Mwanangu, sauti ile haipungui. Inapisha."

"Shangazi, sauti si mtu. Itampisha nani?"

"Sijui. Kengele ya ujumbe ikilia tu, yenyewe inapisha."

Nilimpa somo zima juu ya hatari ya kuvipa vitu tabia za watu. Alinisikiliza hadi nukta ya mwisho, jambo ambalo kiziwi asingeliweza, laiti ningekuwa na akili ya kuling'amua. Kisha akasema, "Bwana Digrii, wewe umesoma. Mimi nasikia."

Jumatatu nilikwenda ofisini kwake kufanya uchunguzi wa kisayansi. Niliomba chumba kizima kitulie: mtu asiongee, asitembee, asitume ujumbe. Nikasikiliza nusu saa. Sauti ilinyooka kama rula. Nikatangaza mbele ya wote kwamba mashine haina kosa. Binamu, nilikuwa nimemtoa mwizi nje kwa mkono wangu, halafu nikaapa kwamba ndani hamna mwizi.

"Haya, tumekushukuru, mtaalamu," alisema mama wa meza ya pili, mchapaji wa barua mwenye ulimi wa wembe. "Sasa tupe ruhusa tupumue."

Alhamisi nilimpelekea Shangazi miwani aliyoisahau. Hakubishana nami. Alinipachika upande mmoja wa hedifoni sikioni. Shahidi alikuwa akieleza mpaka wa shamba lake. Kengele ikalia, na shahidi akafifia ghafla, kama mtu aliyefungiwa mlango katikati ya maneno, akaibuka sentensi mbili mbele. Ujumbe wenyewe ulitoka kwa karani mkuu: "Mbona kazi inachelewa?"

"Umemsikia alivyopisha?"

Nilivuta kiti bila hotuba, nawe unajua hilo ni adimu. Kisha nikapekua mipangilio ya sauti. Januari ofisi iliweka programu ya kutumiana ujumbe, na kompyuta, kwenye ukurasa wake wa mawasiliano, ilikuwa na agizo: ikihisi mtu anapigiwa simu, ipunguze sauti nyingine zote kwa asilimia themanini. Kila kengele ya ujumbe iliidhania kuwa simu, ikamshusha shahidi ili mkubwa asikike. Mkuu yeye hutuma, hatumiwi; ndiyo maana kwenye mashine yake hakikupotea kitu. Nimetafuta katika kamusi mbili neno linalokifaa kitendo hicho zaidi kuliko kupisha. Sikulipata.

Nilitaka kulifuta agizo palepale, Shangazi akanishika mkono. "Ngoja. Mwite mkuu kwanza."

Akamkalisha kitini pake, akamvika hedifoni, akamwomba achape anachosikia. Kisha akamkonyeza mama wa meza ya pili, naye akaanza kutuma ujumbe baada ya ujumbe. Mkuu alichapa mistari miwili, akarudisha nyuma, akabana hedifoni kwa viganja.

"Mama, hapa hapasikiki."

"Basi andika hivyo, mkuu. Ndivyo nilivyoandika mimi."

Chumba kizima kiliangua kicheko, na mkuu mwenyewe hakuchelewa kujiunga. Nikachagua kompyuta isifanye lolote ujumbe ukiingia, na sauti haijatetereka tena. Barua ya kumhamishia masjala imechanwa, cheti hakitakiwi. Nami nilimwomba Shangazi radhi kwa hotuba niliyoipanga vizuri, yenye utangulizi na hoja tatu. Alinikatiza kwenye hoja ya kwanza: "Fupisha, nimekusikia."

Nisalimie shemeji, mapacha, na Babu Mdogo akipita kwenu.

Kuhusu chumba ulichomwandalia mama yako aje apumzike moja kwa moja: kitandike, atakuja Agosti, likizo ya wiki tatu. Ameniagiza nikuandikie kwa herufi zinazosomeka kwamba tiketi ni ya kwenda na kurudi.

Mungu aulinde mlango wenu na wote waupitao.

Ni mimi binamu yako, nikupendaye hata ninapokubishia,
Bwana Digrii