Friza ya Mama Ilivyonyamaza

Nyumbani,
Jumapili, 12 Agosti.

Mpendwa kaka yangu,

Hujambo huko uliko? Shemeji na mapacha hawajambo? Kikohozi cha shemeji kimekwisha? Sisi huku ni wazima. Mgongo wa Baba umetulia, ila mdomo wake ndio haupumziki.

Leo nakutolea siri. Mama alinikataza nisikwambie, lakini mambo yameshanyooka, kwa hiyo nakumwagia yote. Ile friza uliyomtumia kwa mshahara wako wa kwanza nusura itupwe.

Tangu mwezi jana ilikuwa inanguruma mfululizo, usiku na mchana, haipumziki hata dakika. Ubavu wake ulikuwa wa moto kama pasi, na ndani aiskrimu zilikuwa zinalegea. Mama akaita fundi. Fundi hata kuisogeza hakuisogeza. Aliigusa tu, akatikisa kichwa: “Injini imechoka, mama. Tafuta nyingine.”

Kaka, Mama alinyong’onyea. Unajua aiskrimu zile ndizo kazi yake na furaha yake. Akaanza kuwaambia wanafunzi wanaonunua kwake kwamba anapumzika kidogo. Kukwambia wewe aliona haya; alidhani utafikiri hakuitunza zawadi yako.

Mimi nikakataa kukubali kirahisi. Jumamosi nikaizima, nikahamishia vitu kwa jirani, nikaivuta kutoka ukutani. Ilikuwa imebanwa pale haipati hewa, na nyuma kuna vumbi la kutosha kupandia mboga! Nikalifagia lote. Ndani nako barafu ilikuwa imeganda unene wa kiganja. Nikaiacha iyeyuke yenyewe.

Kisha nikabana kipande cha gazeti kwenye mfuniko na kukivuta. Mbele kilishika vizuri. Kwenye kona ya nyuma kilitoka bila ubishi. Kumbe bawaba ya upande ule ilikuwa imelegea, na mpira wa mfuniko umejikunja, baridi yote inatoka nje.

Nikauliza nani ameufanya hivyo. Mama akamtazama Baba.

“Mnanitazama mimi?” Baba akasema. “Nakaa pale juu ya mfuniko kidogo tu, nikivaa viatu.”

“Kila asubuhi, mume wangu! Miaka mitatu!”

Tulicheka mpaka Baba mwenyewe akashika mbavu. Kwa adabu kabisa akaleta bisibisi, akakaza bawaba. Mimi nikaukanda mpira kwa kitambaa cha maji moto hadi ukanyooka. Tukaiwasha, tukairudisha mahali pake, safari hii mbali kidogo na ukuta.

Leo asubuhi tukiwa tunakunywa chai, ikanyamaza. Mama alitupa kikombe mezani, akakimbia: “Imekufa! Jamani, mmeniulia friza!” Akafunua mfuniko. Aiskrimu zilikuwa ngumu kama mawe. Haikufa, kaka, ilikuwa imepumzika, kama friza yoyote yenye akili timamu. Baada ya muda ikawaka yenyewe, ikanguruma kidogo, ikanyamaza tena. Mama alisimama pale ameegemea mlango, machozi yanamlengalenga, anasikiliza ukimya kama mtu anayesikiliza taarabu. Kesho anarudi kazini. Ameshaosha vikombe vyote.

Msalimie sana shemeji, na mapacha uwabusu kila mmoja kwa zamu wasije wakagombana. Shangazi na jirani yetu mshonaji wanakusalimu pia. Mungu akufunike kwa afya na akurudishe kwetu salama.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Kitindamimba