Karti Moja ya Mapasa

Kalemie, Jumanne

Mama Mapasa, mama yangu,

Pokea salamu zangu, na upokee pia heshima ya magoti ambayo siwezi kukupigia kwa sababu ya umbali. Miguu imeacha kuvimba? Mihogo ya upande wa mto, maji ya Luvua yaliifikia tena mwaka huu? Hapa mke wangu na watoto wana uzima. Mimi natembea, nakula, nafanya kazi.

Numbi, mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, simama kidogo. Funga mlango kwanza. Barua hii nimempa mtu wa kwetu anayeshuka na treni hadi Kabalo, kisha apande mto kwa mtumbwi, haikupita posta. Ukimaliza kuisoma, itie motoni.

Mama, Kabange amerudi. Amerudi kule tulikotoka sisi wawili, peke yake, siku ya Ijumaa mchana. Lile neno jingine sitaliandika juu ya jina lake. Ni wewe uliyetufundisha kwamba pacha akisema kwa kinywa chake kuwa mwenzake amekufa, anajifungulia mlango amfuate. Nakuomba usilie. Jipake pemba, ule udongo mweupe, usoni kama inavyopaswa, uwaambie watu kwamba amerudi, basi.

Alitoka Kabalo na magunia matupu na homa. Unajua kazi yetu ilivyokuwa. Mimi nanunua ndagala, hizi dagaa kavu, hapa ufukoni, nazipima, nazishona kwenye magunia. Yeye anapanda nazo treni na kuziuza huko ndani. Nilianza kazi hii kwa kubeba mizigo ya wengine bandarini, hakuna mjomba aliyenishika mkono, na alipokuja Kabange ndipo ilipokuwa biashara. Homa ile tuliitibu nyumbani kwanza. Tumbo likawa gumu kama ubao. Tulipomfikisha hospitali, muganga aliliminya mara moja akatazama pembeni. Nikaelewa.

Sasa sikiliza nilivyokutana na sheria za nchi hii, maana huko kijijini mnadhani mtu akirudi kinachohitajika ni jembe na watu wenye nguvu.

Hapa mjini kuna kanuni ya kutozika kabla siku moja kamili haijapita. Kuna kanuni ya kutozika bila karatasi ya ruhusa wanayoiita permi. Permi inatoka tu kwenye biro ya zoni, ofisi ya utawala wa hapa mjini, pale wanapoandika waliozaliwa na waliokufa, na biro ile Jumamosi imefungwa kwa sababu ya Salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha barabara, Jumapili imefungwa kwa sababu ni Jumapili. Hospitali nayo ina kanuni yake: chumba cha baridi hakina umeme, kwa hiyo mwili utoke. Mimi nimeishi kwa kujumlisha na kutoa, Mama. Nimezijumlisha kanuni hizo kila upande, na jibu ni lile lile, kwamba ndugu yangu aoze nyumbani kwangu kwa amri ya serikali. Aliyezitunga kila moja alikuwa na akili. Hakuna aliyekaa siku moja akaziweka pamoja.

Wengine walinishauri tumzike kimya, kama wanavyofanya watu wengi hapa. Lakini kuna familia ya kwartie yetu, mtaa huu huu, iliyofanya hivyo, zoni ikawaamuru wafukue, mbele ya watoto. Sikutaka Kabange afukuliwe.

Jumamosi asubuhi nikaenda kumtafuta karani wa biro ile. Nilimkuta kando ya barabara na jembe, anafyeka majani ya Salongo na wenzake, mzee mmoja mwembamba, shati limelowa jasho. Nilikuwa na mama Ngoie, yule mwenzetu wa Ankoro anayekausha samaki karibu nasi. Unamkumbuka, kinywa chake hakina mlango. Karani akasema turudi Jumatatu. Mama Ngoie akamuuliza kama na joto nalo limeambiwa lirudi Jumatatu. Wenzake wakacheka. Mzee akatazama jembe, akalitupa chini, akasema afadhali kalamu kuliko majani haya. Akatufungulia biro. Simlaumu yule mzee. Ninalaumu yaliyofuata.

Aliitazama karatasi ya hospitali, akaikubali. Halafu akasema, "Karti ya marehemu."

Hapo, Mama, ndipo Papa alipotufunga tangu tungali wachanga. Nasema kwa heshima, alale vizuri. Alikataa kabisa tuandikwe kwenye karatasi mbili. Mapasa, watoto pacha, hawagawanywi: anayemsalimu mmoja awasalimu wote, anayempa mmoja kitambaa awape wote kitambaa kile kile. Sawa, hiyo ni desturi yetu. Kwa hiyo karatasi ya kuzaliwa ikawa moja, majina mawili. Mimi nilipofika hapa, zoni ikaichukua ikanipa karti ya uraia, jina Kyungu, picha yangu. Kabange alipokuja akaambiwa karatasi ile imekwisha kutumika, aende tribinali, mbele ya hakimu, akaanze upya. Nani ana muda wa tribinali? Uso ni mmoja. Tukafanya kama nguo moja ya ndugu wawili: anayesafiri ndiye anayeichukua, anayebaki haendi mbali na kwartie. Askari wa treni wameitazama karti ile miaka yote na hawakuona kitu. Kabange alikuwa akicheka, anasema serikali ya Zaire imemlea mtoto mmoja kwa posho ya mmoja na kuvuna kazi ya wawili.

Sasa karti ilikuwa mfukoni mwangu, na yeye hana.

Nikamuuliza karani itakuwaje kama marehemu hana karti. Alijibu bila ukali kwamba asiye na karti hana jina, na asiye na jina zoni yenyewe inamzika, kwenye shimo la wasiojulikana, kule mwisho wa makaburi. Familia haifuati. Hakuna msalaba, hakuna nyimbo. Mama Ngoie akanitazama.

Nikapiga hesabu, Mama. Haikuchukua muda, kwa sababu upande mmoja alikuwa Kabange kwenye shimo lile. Nikaitoa karti nikaiweka mezani.

Mzee akaitazama picha. Akanitazama mimi. Akarudi kwenye picha.

"Munafanana sana."

"Tulizaliwa pamoja, Papa."

"Na huyu wa karti, Kyungu, njo marehemu?"

Alikuwa ananiuliza neno lile lile tulilokatazwa, ila amelitia jina jingine. Jina langu. Nikaona kwamba kulisema juu ya jina langu hakuna aliyenikataza.

"Njo yeye," nikasema. "Kyungu amekufa."

"Na wewe, sitwayen, unaitwa nani?"

"Kabange."

"Karti yako?"

"Sina. Papa alichukua karatasi moja kwa wote wawili."

Aliguna. Akasema kama ninayeleta habari sina karti, basi mashahidi wawili wenye karti waweke mikono. Mama Ngoie akaweka wake, na jirani yetu fundi wa mashua tukamwita aweke wa kwake. Halafu mzee akasimama, maana kanuni inataka asome kwa sauti, akasoma kwamba amefika mbele yake sitwayen Kabange, mwananchi wa Zaire, akasema ndugu yake Kyungu amekufa, akauliza kama ndivyo. Tukaitika. Akaikata karti yangu pembe kwa makasi na kuitia ndani ya droo. Tulipofika mlangoni akaniita.

"Mimi naandika ile naambiwa. Lakini kama Kyungu anafika hapa kesho kuuliza karti yake, nitamufunga."

"Hatafika, Papa."

Tulimzika jioni ile ile, siku kamili ikiwa imetimia. Katekista alikataa kuja aliposikia nyimbo zitakazoimbwa. Mama Ngoie na akina mama wa Ankoro waliopo hapa walikuja na majani viunoni, wakaimba zile nyimbo zetu za mapasa, zote, pamoja na zile za viungo vya siri vya baba na mama ambazo wewe ulikuwa unacheka ukizisikia. Mchimba kaburi wa zoni alisimama na koleo lake, akauliza kama hawa mama wana heshima, wanatukana kaburini. Mama Ngoie akamjibu bila kukata wimbo kwamba apite mbele achague tusi lake, yamebaki mengi. Hakuna aliyelia. Mimi nilipewa pemba, nikasimama mgongo kwa kaburi kama inavyotakiwa, nikasikia udongo unavyoanguka bila kuuona. Udongo wa hapa ni wa mawe. Unapiga kelele.

Kwenye msalaba wameandika Kyungu. Ndivyo permi inavyosema, na mchimba kaburi anasoma.

Mke wangu alipoelewa nilichofanya alikaa chini. Baadaye akasema, "Basi mimi ni mjane, na huyu marehemu anataka ugali saa ngapi?" Tulicheka, halafu hatukucheka. Kwa zoni yeye kweli ni mjane na watoto ni yatima. Ruhusa yangu ya kufanya biashara ni ya Kyungu, nayo imezikwa. Siwezi kupanda treni, kwa hiyo siwezi kuja kukaa nawe kwenye kilio, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine. Nimejitengeneza kwa mikono yangu miaka yote, nimefutwa kwa neno moja, na neno nimelisema mwenyewe. Usiku nashika shingo yangu nihakikishe.

Sasa, Mama, kuna kazi moja ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya. Nimeshauliza. Kabange hajawahi kuwa na karti, kwa hiyo Kabange anaweza kuandikwa upya, mtu mzima, kama mama aliyemzaa atasimama mbele ya chifu wa Ankoro na wazee wawili, akasema kwamba mtoto wake yupo na yuko hai. Chifu atatoa karatasi, Numbi atampa mtu huyu huyu aliyeleta barua anirudishie. Kwa karatasi hiyo nitapata karti, na kwa karti nitapanda treni.

Najua ninachokuomba. Lakini angalia vizuri, Mama: hutasema uongo. Ulitufundisha kwamba pacha hafi. Simama, mshike Numbi mkono, useme: Kabange ni mwanangu, mimi ndiye niliyemzaa, yuko Kalemie, yuko hai. Hayo maneno ulitakiwa uyaseme hata bila zoni. Nami nitayabeba. Wakiita jina lake nitaitika, nikitoka safari nitarudi na magunia matupu kama yeye.

Nisalimie mjomba mkubwa, umwambie sina kinyongo kwa lile la bandarini, au umwambie ninacho kidogo. Msalimie mama mdogo anayekuchotea maji, na mzee wa mitumbwi aliyetufundisha kuogelea wote wawili siku moja kwa kututupa mtoni. Numbi, nakutegemea, usipunguze neno unaposoma, hata hili.

Na ukinijibu, Mama, bahasha iandikwe kama ulivyoandikisha siku zote, usibadili hata herufi: kwa wanangu Kyungu na Kabange. Posta itamletea mmoja. Atazipokea salamu zote mbili.

Ni mimi, yule uliyeniona wa kwanza.