Nilimsafishia Ndege Gogo

Mama mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta umeamka vyema, na lile goti limekubali kukunjika tena. Ng'ombe alishazaa? Mimi ni mzima, ila nimechoka, Mama, uchovu ambao hata usingizi hauuondoi.

Baridi ya Riyadh inauma mpaka kwenye meno. Kila Ijumaa alfajiri madam hunipeleka shambani kwao, nje ya mji, kupiga picha za ndege wa porini, wale wadogo waimbaji wanaokuja huku majira ya baridi. Yeye huketi hemani na kamera yake. Mimi hubeba mizigo, hutandaza minyoo juu ya gogo, kisha tunanyamaza. Anamtaka mmoja tu, mwenye koo la buluu. Aliahidi kwamba akimpata atanipa likizo. Ndiyo maana niliwaambia mnisubiri kwa ibada ya kumwekea Baba msalaba kaburini. Mazishi yake yalinipita, na ibada hii sikutaka inipite.

Sasa sikia nilivyojiharibia. Lile gogo lilijaa kinyesi na ukungu. Nani humkalisha mgeni penye uchafu? Ndivyo ulivyotulea? Nikalisugua kwa sabuni mpaka likang'aa. Kumbe madam alilichagua likiwa chafu hivyo hivyo, ili picha ionekane ya porini! Alinifokea mpaka basi. Na ndege wakasusa. Kila Ijumaa ni, "Nafula, mafi ter!" yaani hakuna ndege, kana kwamba nimewala mimi.

Nikaanza kulipaka gogo matope huku nikisali. Mvua nimewahi kuiombea, lakini ndege? Ijumaa iliyopita akaja yule wa koo la buluu, akatua, kamera ikalia. Madam akanikumbatia. Nililia, Mama, nikijua nakuja.

Tukiwa njiani kurudi akasema, "Nafula, wewe kuna bahati. Sasa tunaenda Jeddah, kuna ndege wengine. Likizo baadaye, inshallah."

"Sawa, madam," nikajibu. Ningesema nini, na pasipoti anayo yeye?

Nisalimie shangazi Rasoa, aliyenifungia mizigo siku ile, na kaka Wekesa anayekuchungia ng'ombe. Mwanangu Neema mkumbatie sana.

Msinisubiri tena. Mwekeeni Baba msalaba wake. Mchungaji akiwaita watoto wa marehemu wasimame, Neema asimame mahali pangu.

Ni mimi mwanao,
Nafula